Usiulize Ziwa Gani, Uliza Samaki Gani

Hotuba kuhusu zebaki na samaki, kwa wavuvi, wachuuzi wa samaki na wachenjuaji wa dhahabu (wanaoitenga dhahabu na mchanga) wa Kanda ya Ziwa. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa BMU, vikundi vyetu vya usimamizi wa fukwe, wenzetu wachenjuaji, akina mama wa sokoni, wazee wetu mliokaa mbele: itifaki imezingatiwa.

Naomba tuanze na neno moja. Mwalo. Mvuvi akisikia mwalo anaona mitumbwi, nyavu na dagaa walioanikwa. Mchenjuaji akisikia mwalo anaona maji ya tope, karai na marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, yaliyorundikwa pembeni. Neno moja, kazi mbili, na mara nyingi wenye kazi hizo hukutana kwa lawama tu. Mvuvi anasema mchimbaji anamuulia ziwa kwa zebaki anayokamatia dhahabu. Mchimbaji anajibu kwamba hajawahi kuona samaki aliyekufa kwa zebaki.

Mchimbaji hasemi uongo. Samaki mwenye zebaki hafi. Anaogelea, ananenepa, jicho linang'aa, matamvua mekundu, harufu hana. Ungemnunua. Mimi pia ningemnunua. Shida yenyewe ndiyo hiyo.

Sasa, swali linalorudi kila tunapokutana na wananchi ni hili: je, samaki wa ziwa letu la Victoria wana zebaki? Jibu ni ndiyo. Na wa Tanganyika wanayo, na wa Bahari ya Hindi, na wa maziwa ya Kanada yaliyo mbali na mgodi wowote. Kila samaki duniani anayo kiasi fulani. Kwa hiyo swali hilo halitufikishi popote. Ulizeni hivi: samaki gani? Ana urefu gani? Anakula nini? Na maji yake yana tope la namna gani? Mkishika maswali hayo manne, hamtatishwa na uvumi wa mtandaoni, na wala hamtabembelezwa na mtu anayesema kila kitu kiko salama.

Tuitazame zebaki yenyewe. Chupa ya soda ya nusu lita ukiijaza zebaki inafikia kilo 6.8. Kwa uzito huo inazama, inatafuta nyufa, inajificha chini ya tope. Hii ya kung'aa, mtu akiimeza, sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka. Hatari yake ni mvuke unaovutwa puani. Lakini ikikaa kwenye tope lisilo na hewa, chini ya mafunjo, kwenye madimbwi ya marudio, kuna bakteria wanaoigeuza kuwa zebaki ya methili. Hiyo ni kitu kingine kabisa. Tumbo huipokea karibu yote. Inaingia kwenye damu, inaingia kwenye ubongo, inapita kondo la nyuma inamfikia mtoto.

Dunia ilijifunza hilo Minamata, Japani. Kiwanda cha Chisso kilikuwa kikitengeneza kemikali iitwayo asetaldihaidi, kwa kutumia zebaki, kuanzia 1932 hadi 1968, na maji taka yakaelekezwa ghubani. Wa kwanza kuonyesha dalili hawakuwa watu, walikuwa paka. Walipepesuka, wakazunguka kama wanaocheza ngoma, wengine wakatumbukia baharini. Watu wakauita ugonjwa wa paka wanaocheza. Kisha zikafuata familia za wavuvi. Kwa nini wavuvi? Kwa sababu wao ndio waliokula samaki asubuhi, mchana na jioni, na paka wao walikula mabaki yaleyale. Tarehe 1 Mei 1956 ugonjwa ukaripotiwa rasmi. Serikali ilikuja kutamka chanzo chake 1968. Miaka kumi na miwili! Katikati hapo walizaliwa watoto wenye ulemavu mkubwa kutoka kwa akina mama ambao wenyewe walionekana wazima, au walikuwa na ganzi kidogo tu vidoleni.

Hapa naomba tusahihishane jambo moja. Wako wanaotoa mfano wa Minamata kana kwamba ndiyo hali yetu. Siyo. Kile kiwanda kilimwaga zebaki ya methili ikiwa tayari imeshapikwa, na samaki wa pale walipimwa wakiwa na zaidi ya miligramu 10 kwa kilo. Kwetu wapishi ni bakteria, na jiko lao ni dogo zaidi. Anayewaambia Ziwa Victoria ni Minamata anawaharibia soko bure. Ila sumu ni ileile, na njia ya kumfikia mtoto tumboni ni ileile.

Twende kwenye swali la nani anakula nini, maana ndilo lenye uzito kuliko yote.

Zebaki iliyomo kwenye maji ya ziwa ni kidogo hata maabara nyingi haziwezi kuiona. Mwani unainyonya. Vijidudu vinakula mwani, dagaa anakula vijidudu, furu na dagaa wanaliwa na sangara. Kila ngazi inaongeza mara kadhaa, kwa sababu zebaki ya methili inaingia kwa wepesi na kutoka kwa shida. Ukifika juu, samaki mkubwa anaweza kuwa nayo mara milioni moja ya maji anayoogelea ndani yake. Yaani ungekunywa maji ya ziwa lile maisha yako yote, usifikie zebaki ya kitoweo cha siku moja.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imepima samaki wa sokoni kwa miaka mingi. Wastani wa sato wanaouzwa kule ni miligramu 0.013 kwa kilo. Sardini, 0.013. Jodari wa kopo wa aina iitwayo "light", 0.13. Jodari mbichi wa mapezi ya njano, 0.35. Papa, 0.98. Mmeisikia hiyo? Kilo moja ya papa ina zebaki ya kilo 75 za sato. Na huyo papa hakuishi karibu na karasha yoyote ya kusagia mawe ya dhahabu. Ameishi bahari kuu, maji ya buluu, safi machoni. Tofauti yake na sato ni kwamba sato anakula mwani na mabaki, halafu anavuliwa akiwa kijana. Papa anakula samaki waliokula samaki, na anafanya hivyo miaka ishirini au zaidi.

Ndiyo maana tunasema usiulize ziwa gani kabla hujamtazama samaki meno.

Na Victoria je? Ziwa limezungukwa na machimbo, lakini samaki wengi waliopimwa humu wamekuwa chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango kinachotumiwa na masoko mengi kwa samaki wa kawaida. Dagaa na sato huwa chini kabisa. Wanaopanda ni sangara wakubwa, na kadiri sangara anavyokuwa mrefu ndivyo kipimo kinavyopanda. Kwa nini si juu zaidi? Sababu ya kwanza itawashangaza: mwani umejaa mno. Kijiko kimoja cha chumvi kwenye sufuria ya mtu mmoja kinakera. Kitie kwenye sufuria ya harusi, hakuna atakayekihisi. Mwani mwingi umeigawanya zebaki ileile vipande vidogo vidogo. Sababu ya pili, sangara hukua haraka, nyama inaongezeka kuliko zebaki inavyoingia. Kwa hiyo uchafu wa mbolea na vinyesi tunaoulalamikia, kwa upande huu, umetukinga kidogo. Msipige makofi. Mwani huohuo ukioza chini unamaliza hewa, na tope lisilo na hewa ndilo jiko la wale bakteria.

Tena, wastani wa ziwa pana hausemi lolote kuhusu kijito kinachopita chini ya mwalo wa dhahabu. Kambale anayeishi dimbwini penye marudio hana pa kwenda. Anakula minyoo ya tope lile, anakula samaki wadogo wa dimbwi lile, anaishi miaka. Watoto wanamvua kwa ndoano na kumchoma palepale. Huyo hapiti kiwandani kupimwa ili asafirishwe Ulaya. Sisi tungeanza kupima kwa huyo.

Maji ya namna nyingine ni mabwawa. Miaka ya mwisho ya sabini, Quebec kule Kanada, walizuia mto La Grande ili wapate umeme. Hapakuwa na mgodi wa dhahabu wa kulaumiwa. Walichofanya ni kufunika msitu na ardhi ya majani kwa maji. Majani yakaoza, hewa ikaisha, bakteria wakapata karamu, na zebaki ambayo tangu zamani ilikuwa imelala kwenye udongo ikageuzwa. Samaki walao samaki wakapanda mara tatu hadi saba. Wenyeji wa jamii ya Cree, ambao samaki ndiye chakula chao, wakaambiwa wapunguze. Ilichukua miaka 20 hadi 30 samaki hao kurudi walikokuwa.

Kwetu, watafiti walipima samaki wa Mtera, Kidatu, Hale na Nyumba ya Mungu, wakakuta viwango vya chini. Habari njema. Lakini wale wenye meno, wa jamii ya kibebe, walikuwa juu ya perege, na hayo ni mabwawa yaliyokwisha kukaa miaka. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji lilianza kujazwa Desemba 2022. Ni jipya, limefunika miti na nyasi. Kwa maoni yetu, samaki walao samaki wa pale wapimwe kila mwaka kwa miaka kumi ya mwanzo, bila kusubiri malalamiko. Gharama yake ni ndogo sana ukiilinganisha na gharama ya ukuta wenyewe.

Kuhusu bwawa la kufugia, sitasema mengi. Sato wa miezi sita hadi minane, anayekula chakula cha mfuko, hana muda wa kukusanya zebaki. Angalieni tu udongo wa kujengea kingo usitoke kwenye marudio.

Sasa akina mama, najua mnasubiri hesabu ya jikoni. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula wamekubaliana kwamba mtu asipitishe mikrogramu 1.6 za zebaki ya methili kwa kila kilo ya uzito wake, kwa wiki; mikrogramu elfu moja ni miligramu moja. Mama mwenye kilo 60: 60 mara 1.6, anapata mikrogramu 96. Tukichukua kilo ya sangara wa kadiri kuwa na mikrogramu 100, mama huyo ana karibu kilo nzima kwa wiki. Papa mwenye mikrogramu 1,000 kwa kilo? Gramu 96 tu. Kipande kimoja cha mchuzi, wiki imeisha. Mtoto wa kilo 15 ana mikrogramu 24: papa wa gramu 24. Hicho ni kipande cha ukubwa wa kiberiti.

Na papa mkavu, ng'onda, ndugu zetu wa pwani wanaompikia muhogo? Kilo moja ya papa mbichi ikianikwa vizuri inabaki gramu 400 hivi. Maji yameondoka, zebaki imebaki yote. Aliyekuwa na miligramu moja kwa kilo sasa ana mbili na nusu. Kumloweka, kumkamulia ndimu, kumkaanga, kumchemsha na kumwaga maji ya kwanza, hakuna kinachosaidia. Zebaki hii haimo kwenye mafuta useme nitakata ngozi. Imeshikamana na nyama yenyewe, na nyama ndiyo unayotaka kula.

Mtasema, dagaa nao ni wakavu. Kweli. Hata tukichukulia dagaa mbichi ana mikrogramu 20 kwa kilo, na kukauka kukamzidisha mara nne, anafika 80. Yule mtoto wa kilo 15 anaweza kula gramu 300 za dagaa wakavu kwa wiki kabla ya kufika mpaka. Nani hapa mtoto wake anamaliza gramu 300? Basi dagaa apikwe bila hofu, muhimu asiwe na mchanga.

Nalisisitiza hili kwa sababu kuna kosa kubwa kuliko kula samaki mbaya, nalo ni kuacha samaki. Visiwa vya Shelisheli, majirani zetu, akina mama wajawazito walikuwa wakila samaki mara 12 kwa wiki. Nywele zao zilionyesha zebaki nyingi kuliko za akina mama wa Marekani. Watoto wao wakafuatiliwa kwa miaka, wakapimwa akili, lugha, mikono, na watafiti hawakuona madhara ya kueleweka. Visiwa vya Faroe, kaskazini ya Ulaya, watoto zaidi ya elfu moja waliozaliwa 1986 na 1987 walifuatiliwa pia. Huko, walipofika miaka saba, watoto wa akina mama wenye zebaki nyingi walikuwa nyuma kidogo kwenye umakini, kumbukumbu na lugha. Tofauti iko wapi? Faroe zebaki yao ilitoka hasa kwenye nyama ya nyangumi, yenye zebaki nyingi kwa mpigo mmoja na uchafu mwingine ndani yake. Shelisheli walikula samaki wa kawaida, wenye mafuta na madini yanayojenga ubongo uleule. Kwa hiyo mjamzito asiambiwe acha samaki. Aambiwe: dagaa, sato, vibua, changu, kula. Papa na nduaro, subiri ujifungue na umalize kunyonyesha. Sangara, chukua wa kadiri, yule mkubwa wa kubebwa na watu wawili waachie wengine.

Viongozi wa BMU, mkitaka kupima samaki wenu, kazi huharibika kabla ya kufika maabara. Mara nyingi watu huleta samaki wadogo watupu, kwa sababu ndio wa bei nafuu, halafu wanasema ziwa safi. Leteni wa aina moja kumi na mbili, wadogo kwa wakubwa, na kila mmoja apimwe urefu na uzito kabla hajakatwa. Mnofu wa gramu 50 ukatwe mgongoni, nyuma ya pezi, bila ngozi wala mfupa. Kisu cha chuma kisichoshika kutu, kioshwe kila baada ya samaki. Mfuko mpya, karatasi iliyoandikwa kwa penseli, maana wino wa kalamu unayeyuka kwenye barafu. Na aliyeshika zebaki wiki hiyo asiguse sampuli, hata akiwa amenawa. Majibu yakija, tazameni kizio. Kuna matokeo yaliwahi kusomwa 350 kwa kilo watu wakashika vichwa, kumbe ni mikrogramu, yaani miligramu 0.35. Tena ulizeni kama amepimwa mbichi au mkavu. Aliyekaushwa maabara huonekana ana zebaki mara nne au tano.

Wachenjuaji, msidhani nimewasahau.

Mwaka 2015 dunia ilirusha hewani takriban tani 2,220 za zebaki kutokana na shughuli za watu. Asilimia 38 ilitoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Makaa ya mawe yalikuwa nyuma yenu, asilimia 21. Mkataba wa Minamata, ule wa mataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania ni mwanachama, umezitaja njia nne zilizo mbaya kupita zote: kumwaga zebaki kwenye udongo mzima badala ya mchanga uliokwisha kuoshwa na kubaki mzito, kuchoma wazi, kuchoma kwenye makazi ya watu, na kupeleka marudio yenye zebaki kwenye sianidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu iliyobaki, bila kuitoa zebaki kwanza. Hiyo ya nne huwa mnaiona haina shida. Ina shida kubwa. Sianidi inaiyeyusha zebaki, na iliyoyeyuka haikai tena chini ya tope, inafuata maji.

Na kwa nini zebaki inaingia kwenye marudio hata kwa mtu makini? Kwa sababu imechoka. Zebaki iliyoshika uchafu na mafuta inavunjika punje ndogo kama unga, haishiki dhahabu, inaondoka na tope. Mnaongeza nyingine juu yake, mnapoteza zote mbili. Iwekeni kwenye beseni la plastiki, maji yenye chumvi sehemu moja kwa kumi, betri ya volti 12, waya hasi uguse zebaki, waya chanya ufungwe kwenye kijiti cha kaboni kilichoning'inia majini. Dakika kumi hadi kumi na tano inajikusanya yote mahali pamoja. Fanyieni mahali penye upepo.

Kisha retoti, kile kikombe cha chuma chenye mfuniko na bomba, kinachonasa mvuke wa zebaki na kuirudisha. Donge la dhahabu na zebaki la gramu 20 lililokamuliwa vizuri kwenye kitambaa, nusu yake hivi ni zebaki. Ukilichoma kwenye kipande cha bati, gramu 10 zinapanda juu, nyingine zinatua kwenye paa lako, kwenye pipa la maji ya kunywa, na mvua inazipeleka ziwani kwa hawa wenzenu. Retoti nzuri inakurudishia tisa na zaidi.

Najua malalamiko. La kwanza, inachelewesha. Ni nusu saa, mkaa ukiwa mzuri. La pili, dhahabu inatoka imefifia, mnunuzi anakata bei. Hiyo ni rangi ya juu tu, moto haukutosha au chuma cha kikombe kimegusa. Ukiyeyusha na boraksi inarudi. La tatu halisemwi hadharani: donge likifungwa ndani ya chuma, mwenye mali haoni, anaogopa mkono wa mtu. Hilo ni la haki. Ndiyo maana zipo retoti zenye mfuniko wa kioo, na kama huna hiyo, pimeni donge mbele ya wote kabla ya kufunga na baada ya kufungua.

Makosa yanayoumiza watu ni mawili. Moja, kuzamisha mdomo wa bomba ndani ya maji. Moto ukipungua, kikombe kinavuta maji kurudi ndani ya chuma cha moto, na mvuke unalipuka usoni. Mdomo uwe juu ya maji, upana wa kidole. Mbili, kufungua kabla ya kupoa. Zebaki inachemka nyuzi 357. Kikombe bado cha moto, ukifungua umevuta yote uliyoiokoa. Matone yakikoma, gonga bomba, subiri dakika kumi nyingine motoni, kisha toa, acha kipoe mpaka ukishike kwa mkono mtupu.

Nje, chini ya ule mwembe, mafundi wameshaweka jiko, retoti mbili na mizani ya sonara. Wenye madonge yao watapima mmoja mmoja, mbele ya watu, na namba zitaandikwa ubaoni kabla na baada. Wavuvi nanyi mje msogee, ila mkae upande upepo unakotoka. Mama mjamzito yeyote abaki humu ndani, chai inakuja.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.